Gasketi ya Manila

Mbaga,
12 Februari 2024

Kwa Dorkas,

Salamu. Sisi huku ni wazima. Mke wangu Eliakunda anasumbuliwa na magoti, ila bado anakwenda shambani. Maharage yamechanua, migomba mingi iliangushwa na upepo wa Januari. Natumaini wewe na binti yako Salha hamjambo.

Nakuandikia kwa sababu moja tu. Tarehe 11 Agosti usharika wetu utaadhimisha jubilei, na wazee wa kanisa wameamua kwamba maandamano yatanguliwe na pikipiki ya marehemu baba yetu, Mwinjilisti Sifael, ile Honda aliyoachiwa na wamisionari mwaka 1983. Nimewaahidi kwa maandishi kwamba itatembea. Fundi wa hapa, Asheri, ameifungua injini na kuniambia kwamba mhimili wake umelika. Nasikia vipuri vya pikipiki za zamani havipatikani Same isipokuwa dukani kwako. Nitumie mhimili huo kwa gari la Mbaga. Namba nimeinakili kutoka kwenye kadi na kuiandika nyuma ya karatasi hii.

Kulika kwake si ajabu. Wote tunajua ni nani aliyeutoa ule imara wa Kijapani mwaka 1998 akaweka mwingine chakavu. Ukoo ulikwisha kulisikia jambo hilo na sina haja ya kulirudia.

Usinipigie simu. Ya kwenye simu watu huyakanusha baadaye. Nataka kila neno libaki kwenye karatasi.

Kaka yako,
Mwalimu Hezroni Sifael


Same,
4 Machi 2024

Kaka Hezroni,

Shikamoo. Huku ni upepo na vumbi kama kawaida. Salha alijifungua salama mtoto wa kike tarehe 20 mwezi uliopita. Mpe pole wifi Eliakunda kwa magoti.

Sasa huo mhimili. Nimeuza vipuri miaka thelathini na moja na hakuna fundi aliyewahi kuniomba mhimili. Ndani ya injini kuna kranki, ile inayozungushwa na pistoni, na juu kuna kemshafti, inayofungua valvu. Kwa Kiswahili chako zote mbili ni mihimili. Imenibidi nimtume mtu amuulize Asheri ndipo nikajua ni kemshafti. Ningekutumia kranki ungesema nimekuibia.

Honda za miaka ile zilitoka na kemshafti za aina mbili: inayokaa juu ya beringi, na inayolala moja kwa moja kwenye aluminiamu ya kichwa cha silinda. Ningetaka kuiona ya zamani kwanza, lakini hukuituma. Nimekisia kwa namba yako na ninakutumia yenye beringi. Asheri asiilazimishe kwa nyundo. Isipokaa, irudi.

Huyo ambaye wote mnamjua ana jina. Anaitwa Athumani. Alikuwa mume wangu kwa miaka ishirini na mmoja na amezikwa kwao Kihurio tangu mwaka 2011. Ukiniandikia tena, liandike.

Dorkas, mjane wa Athumani


Mbaga,
27 Machi 2024

Kwa Dorkas,

Marahaba. Hongera kwa Salha. Masika yameanza kwa nguvu na ukungu haujaondoka tangu Jumatatu. Eliakunda anakusalimu.

Kipuri chako nakirudisha. Asheri amehangaika nacho asubuhi nzima. Kichwa cha silinda hakina mahali pa beringi. Naona desturi ya duka hilo ni ileile: mteja huagiza kimoja na kupewa kingine. Nilidhani desturi hiyo ilizikwa Kihurio.

"Mhimili" ni neno sahihi la Kiswahili. Mafundi kutolijua si kosa la neno. Aidha, umeandika "miaka thelathini na moja". Mwaka mmoja, miaka thelathini na mmoja. Nilikufundisha upatanisho ukiwa darasa la nne na nasikitika kuona haukukaa.

Huo wa zamani sioni haja ya kuutuma. Nimeupima mwenyewe kwa rula ya shule: urefu wake ni sentimita tisa na nusu. Kipimo hicho kinatosha kwa mtu anayeijua kazi yake.

Mwalimu Hezroni Sifael


Same,
22 Aprili 2024

Kaka Hezroni,

Shikamoo. Barua yako imenifikia juzi. Barabara iliporomoka na gari lenu likakaa huko juu wiki mbili. Mtoto ana afya, Salha amesharudi kunisaidia dukani.

Namba uliyonakili ni ya chesisi, iliyo shingoni chini ya usukani. Hiyo haisemi kitu kuhusu kilichomo ndani ya injini. Namba ya injini imegongwa kwenye injini yenyewe, upande wa kushoto, karibu na pedali ya gia. Asheri aweke karatasi juu yake, asugue kwa penseli, aniletee karatasi hiyo. Wewe usinakili.

Na rula ya shule haipimi kitu kilicholika, maana panapotakiwa kupimwa ndipo palipokwisha. Nataka kuishika kemshafti mkononi. Nione herufi za kiwandani, nione vile vichwa viwili vyenye umbo la yai vimebaki na kimo gani, na zile sehemu zinazolala kwenye aluminiamu zimekwaruzwa vipi. Asheri afungashe kila kilichotoka nayo: roka zinazosukuma valvu, cheni, na zile karatasi za kuzuia oili isivuje, gasketi ya juu na ya chini ya silinda. Asioshe chochote.

Ninayo moja isiyo na beringi. Ni moja tu, na haiuzwi. Nikishaiona ya zamani nitakuambia kama itatoka hapa au haitatoka.

Thelathini na mmoja, nimekubali. Miaka ya ndoa yangu niliihesabu kwa upatanisho sahihi, hukuliona hilo.

Dorkas, mjane wa Athumani


Mbaga,
18 Mei 2024

Kwa Dorkas,

Marahaba. Huku mvua imepungua. Tumevuna maharage kidogo, mengi yalioza. Eliakunda ameanza kutembea kwa fimbo.

Sikupenda kuutuma mhimili huu na bado sipendi. Lakini wazee wa kanisa wameniuliza mara mbili mbele ya watu, na mara ya pili mmoja wao alicheka. Leo nina kikao cha maandalizi ya jubilei, kwa hiyo nimemwachia Asheri kazi ya kufungasha. Boksi liko kwa kondakta. Ameniambia ametia kila kitu, hata takataka, kama ulivyoagiza.

Unasema chako hakiuzwi. Hilo ni duka au ni nini? Sema unachokitaka, kisha tumalizane.

Mwalimu Hezroni Sifael


Same,
9 Juni 2024

Kaka Hezroni,

Leo shikamoo imenigomea. Habari za huku nazo utazipata siku nyingine.

Boksi nimelifungua juu ya meza ya duka, Salha akiwa pembeni. Nakuandikia nilichokiona kwa mpangilio wake.

Kwanza kemshafti. Herufi za kiwandani zilizo kwenye kemshafti ni za aina inayoendana na namba ya injini aliyoisugua Asheri. Athumani alikuwa na mazoea yake: kila kifaa alichokifunga alikipiga nukta moja ya panchi, ule msumari wa kutia alama kwenye chuma, ili kikirudi ajue ni chake. Cheni aliyoiweka mwaka 1998, alipomtengenezea baba pikipiki, ina kishikizo, na kishikizo kina nukta. Kemshafti haina nukta. Ni ileile iliyokuja na pikipiki kutoka Japani. Haikutolewa na mtu yeyote, hadi Asheri alipoitoa mwaka huu.

Pili, jinsi ilivyolika. Sehemu zinazolala kwenye aluminiamu zimeungua na kuwa za bluu. Hiyo ni kemshafti iliyozunguka bila oili. Nikajiuliza oili ilizuiwa na nini.

Tatu, gasketi ya chini ya silinda. Sisi tulikuwa tunauza karatasi ya gasketi, kaka, roli nzima ilikuwa hapo ukutani. Athumani asingefunga kitu kingine. Hii uliyoniletea imekatwa kwenye jalada la manila la daftari la mahudhurio. Matundu ya boliti yamekatwa vizuri sana, kwa wembe, na mtu mwenye mkono uliotulia. Upande mmoja kuna wino mwekundu: "Darasa la V B, 1998", na D imepigwa mkia. Mkia huo niliuona kwenye madaftari yangu yote ya utoto. Mwaka ule mwalimu mkuu wa shule ya hapo Mbaga ulikuwa wewe. Kwa hiyo baada ya Athumani kuifunga injini, uliifungua mwenyewe, ukakata gasketi, na hukukata tundu la oili. Oili ikafika kwenye manila ikaishia hapo.

Kama ingekuwa hivyo tu, ningesema ni kosa. Lakini tundu la oili lipo. Limetobolewa kwa msumari, kingo zake zimechanika, na kulizunguka kuna alama ya oili iliyokaa muda ikiwa imezibwa. Maana yake injini ilifunguliwa mara ya pili. Aliyetoboa tundu alikuwa ameshajua kwa nini injini inagonga. Alilitoboa, akafunga, na hakumwambia mtu.

Sasa nikukumbushe yale uliyoyafanya wewe. Uliandika barua ikasomwa kwenye kikao cha ukoo, ukamwita mume wangu mwizi wa vipuri. Baba alipofariki mwaka uliofuata, Athumani alipanda kutoka Kihurio na magunia mawili ya mchele wa msiba. Ulimzuia langoni. Akateremka na magunia yake, na hadi anakufa hakukanyaga Mbaga. Usilolijua ni kwamba ndani ya gunia moja kulikuwa na kemshafti. Hakuwa ameiba kitu, lakini alisema kama kipuri ndicho kinachowatenga na baba mkwe, atakitafuta. Aliipata Dar es Salaam baada ya miezi sita. Ndiyo hiyo ninayokuambia haiuzwi. Iko bado kwenye karatasi yake ya kiwandani.

Unataka kujua ninachotaka. Andika barua nyingine, iwe na jina la Athumani, useme ulichokifanya. Uisome mwenyewe kwenye kikao cha ukoo cha tarehe 3 Agosti, mbele ya waliosikiliza ile ya kwanza na bado wako hai. Rasimu niione kwanza. Usipoisoma, maandamano yenu yatatanguliwa na bodaboda.

Dorkas, mjane wa Athumani


Mbaga,
30 Juni 2024

Kwa Dorkas,

Eliakunda aliifungua barua yako kabla yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika miaka arobaini na miwili ya ndoa. Amehamia chumba cha wageni. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Sitajibizana nawe kuhusu misumari. Kwa ajili ya jubilei, na kwa heshima ya baba, nimeandika maneno yafuatayo:

"Ndugu wa ukoo. Mwaka 1998 makosa yalitendeka katika matengenezo ya pikipiki ya marehemu Mwinjilisti. Gasketi isiyofaa iliwekwa, tundu la oili likazibika, na mhimili ukaharibika. Lawama zikamwangukia mtu asiyehusika. Jambo hilo linasikitisha."

Maneno hayo yanatosha na hayana kosa la sarufi. Nitumie kipuri kwa gari la kwanza.

Mwalimu Hezroni Sifael


Same,
12 Julai 2024

Kaka Hezroni,

Shikamoo. Sisi wazima. Mpe pole wifi, na umwambie nimemkumbuka.

Rasimu yako nakurudishia. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama ulivyokuwa ukifanya. Yalitendeka. Iliwekwa. Likazibika. Ukaharibika. Zikamwangukia. Vitenzi vitano, na ndani yake hamna mtu. Ukiisoma hiyo, ukoo utadhani ilinyesha mvua.

Nikiwa darasa la nne nilikuja nyumbani nikasema mtungi umevunjika njiani. Ulinichapa fimbo nne. Hukunichapa kwa ajili ya mtungi. Ulinichapa kwa ajili ya kitenzi. Ulisema mtungi haujivunji wenyewe, na mtu anayesema umevunjika anamficha aliyeuvunja. Ulinisimamisha uani hadi niliposema "nimeuvunja". Nilikuwa na miaka kumi. Wewe una sabini na mmoja.

Andika upya. Kila kitenzi kianze na ni-. Jina liwe Athumani, sio "mtu".

Dorkas, mjane wa Athumani


Mbaga,
4 Agosti 2024

Kwa Dorkas, mjane wa Athumani,

Marahaba ya barua iliyopita. Kahawa inaiva. Eliakunda bado yuko chumba cha wageni.

Kikao kilikuwa jana, nyumbani kwa baba, watu thelathini na wanane. Nilisimama baada ya ajenda ya mpaka wa shamba la chini. Nilisoma hivi: "Mwaka 1998 oili ilikuwa inavuja chini ya silinda ya pikipiki ya baba. Sikumwita Athumani, kwa kuwa sikutaka kumwomba. Niliifungua injini mwenyewe. Nilikata gasketi kwenye jalada la daftari na nikasahau tundu la oili. Injini ilipoanza kugonga nilisema Athumani ameiba kemshafti. Niliifungua tena nikaliona kosa langu. Nilitoboa tundu kwa msumari na nikanyamaza. Nilimwita Athumani mwizi, na hakuwa mwizi."

Niliandika kemshafti ili nisikupe la kusahihisha.

Nilidhani nimemaliza. Shangazi Agatha, ambaye anakaribia miaka tisini na ambaye alikuwapo mwaka ule, aliniambia niseme tena kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani. Nikamjibu kwamba wote waliokuwapo wanaelewa Kiswahili. Akasema anaelewa, ila Kiswahili changu kina vyumba vingi, na yeye anataka kunisikia nikiwa uani. Watu walicheka. Nikasema tena kwa Chasu. Ilikuwa fupi zaidi.

Kisha akauliza, "Siku Athumani alipokuja na mchele, wewe ukiwa umesimama langoni, ulikuwa umeshatoboa?"

Nilisema, "Nilikuwa nimeshatoboa."

Walitoka mmoja mmoja na hakuna aliyenipa mkono. Asheri alikuwa nje akingoja kujua kama kipuri kitakuja, nadhani alisikia.

Sikuombi unisamehe, maana sikusoma kwa ajili hiyo. Nilisoma kwa sababu nilitoa ahadi kwa wazee wa kanisa na kwa sababu ulinibana. Nakuchukia kwa kunibana, na naandika hivyo ili usije ukadhani vinginevyo. Lakini umeniuliza swali moja ambalo hukuliandika, nalo nalijibu: kila nilipopanda pikipiki ile, kwa miaka yote hii, niliisikia ikigonga.

Jubilei ni Jumapili ijayo.

Hezroni


Same,
7 Agosti 2024

Kaka Hezroni,

Shikamoo. Sisi wazima. Shangazi Agatha alinipigia simu Jumamosi hiyohiyo akanieleza yote, kabla yako, na kwa maneno makali kuliko yako. Barua yako haikupingana naye.

Kemshafti inakuja kesho na Salha mwenyewe. Hatakuachia barabarani. Ataingia langoni, atafika hadi ndani, na atamkabidhi Asheri mkononi. Umpe kiti.

Asheri afuate haya. Mihuri ya kiwandani aifungue yeye, si wewe. Aipake oili safi kemshafti nzima kabla ya kuilaza, na roka pia. Pistoni iwe juu kabisa, alama ya kwenye magneto inayotoa umeme ilingane na alama ya kwenye injini, ndipo afunge gurudumu la cheni. Akikosea jino moja valvu zitagonga pistoni. Ndani ya boksi kuna gasketi mbili mpya. Ya chini ya silinda ina tundu la oili. Kabla ya kufunga kofia ya juu aipige kiki mara nyingi bila plagi hadi aione oili ikipanda. Asipoiona, asiwashe. Ikiwaka, iungurume polepole dakika ishirini, na mtu asiikimbize mlimani siku ya kwanza.

Mimi sitakuja. Nimejaribu kujiona nikiwa nimekaa kwenye benchi la jubilei nikiimba, nikashindwa. Kuhusu chuki yako, nimeipokea. Na mimi ninayo, tena ya zamani zaidi. Tusidanganyane kwa barua.

Mwambie wifi magoti ayakande kwa maji ya moto na chumvi, na kama akitaka kubadilisha hewa, chumba kipo.

Jumapili injini ikitulia, watu watasema pikipiki ya Mwinjilisti imetengenezeka. Wasahihishe.

Dorkas, mjane wa Athumani